Silinda ya hewa haichaguliwi kwa macho

Mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha chakula cha kuku alinijia karakanani Nyakato, Mwanza, asubuhi, kabla hata sijafungua dirisha la pili. Ndani ya kiroba alikuwa na silinda ya hewa ya kipenyo cha milimita 80. Rodi yake, yaani mkono wa chuma unaotoka na kurudi ndani, ilikuwa imepinda kiasi kwamba hairudi tena ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hii ni ya pili tangu Pasaka. Nitafutie nyingine kama hii, ila kubwa kidogo. Hii imezidiwa."

Kubwa kidogo maana yake ni 100, na bei alishaiulizia mjini. Nikamwomba asubiri kununua, twende kwanza tukaione mashine. Kazi ya silinda yenyewe ni ndogo tu: viroba vya kilo 50 vinakuja kwenye rola, vikifika mwisho silinda inavisukuma pembeni, vinateleza juu ya bati hadi kwenye jukwaa la kupakilia. Sentimita 40 za mwendo, viroba 12 kwa dakika. Nilipokitazama kisukumio kile kwa dakika kumi hivi nikajua silinda haikuzidiwa hata kidogo. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na nguvu hiyo ndiyo iliyoikunja rodi.

Naandika haya kwa sababu mzee yule si wa peke yake. Kwenye viwanda vya huku kwetu, kuanzia minofu ya sangara hadi vinu vya pamba, silinda ikiharibika wengi hukimbilia ileile au yenye ukubwa zaidi. Swali la kwanza dukani ni "unataka ya ngapi?", na hilo ndilo lingepaswa kujibiwa mwisho.

Pampu ya baiskeli iliyogeuzwa

Silinda ya hewa ni kama pampu ya baiskeli inayofanya kazi kinyumenyume. Kwenye pampu unasukuma rodi ili ubane hewa; kwenye silinda, hewa iliyokwisha kubanwa na kompresa inasukuma rodi. Zipo zinazosukumwa na hewa upande mmoja na kurudishwa na springi, ambazo zinafaa kazi fupi na nyepesi. Nyingi za viwandani hupokea hewa pande zote mbili, ya kwendea na ya kurudia, na hizo ndizo ninazozungumzia hapa.

Nguvu yake ni presha mara eneo la pistoni, kile kizibo cha ndani kilichoshika rodi. Presha ya baa 1 ni takriban kilo 1 inayokandamiza kila sentimita moja ya mraba. (Aliyesoma atataka nyutoni: kilo moja ni nyutoni 9.8. Kwenye sakafu ya kiwanda kilo inatosha.) Kupata eneo, chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.785. Silinda ya milimita 50 ni 5 mara 5 mara 0.785, sawa na sentimita za mraba 19.6. Kwa baa 5 inasukuma karibu kilo 100. Ile ya mzee, ya 80, inatoa kilo 250 na ushei kwa presha hiyohiyo. Ya 100 aliyoitaka inakaribia kilo 400.

Angalia namba zinavyoruka. Kutoka 50 kwenda 100 kipenyo kimeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne. Hapo ndipo jicho linapodanganyika, kwa sababu ukiziweka mezani mbili zinazofuatana hazionekani kupishana sana.

Kurudi ni dhaifu kuliko kwenda, kwa kuwa rodi inachukua nafasi ya pistoni upande wa mbele. Silinda ya 50 yenye rodi ya milimita 20 inapoteza takriban asilimia 16 ya nguvu inapovuta. Kama kazi yako ni kuvuta, hesabu upande wa kuvuta.

Kwa nini nasema baa 5 wakati geji ya kompresa inasoma 8? Kwa sababu silinda haiko kwenye kompresa. Kati yao kuna reguleta ya kurekebisha presha, chujio, mita kadhaa za paipu, fitingi za kona, vali, na mara nyingi uvujaji unaousikia vizuri saa ya chakula mashine zikinyamaza. Kila kimoja kinakula presha, na kinakula zaidi hewa ikiwa inakimbia. Kwa hiyo presha ya kuhesabia ni ile iliyo karibu na silinda mashine ikiwa inafanya kazi. Niliunga geji pale pale kwenye kisukumio cha mzee. Kikiwa kimetulia ilisoma 6. Viroba vilipoanza kupita, sindano ikawa inacheza juu kidogo ya 5.

Mizani ya samaki

Uzito wa mzigo si nguvu ya kuusukuma. Hili linawachanganya hata wanaojua hesabu. Kiroba cha kilo 50 kikiwa kinanyanyuliwa wima, ndiyo, kinataka kilo 50 na zaidi. Kikiteleza juu ya bati, kinachopambana nawe ni msuguano.

Msuguano ninaupima badala ya kuukisia. Nina mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, ndugu yake na zile zinazopimia samaki Mwaloni pale Kirumba. Nikafunga kamba kwenye kiroba, nikatia ndoano, nikavuta taratibu kwa ulalo. Kiling'ang'ania hadi mizani iliposoma kilo 24, kikaachia, halafu kikawa kinateleza kwa 20. Nikamwita mzee asome mwenyewe. Akaisoma mara mbili, akaniuliza kama mizani ni nzima.

Hizo 20 ni za kukiendeleza kiroba kikiwa tayari kinatembea. Lakini kiroba kinaanza kikiwa kimesimama na kinatakiwa kimalize sentimita 40 ndani ya sekunde 0.8 hivi, la sivyo kinachofuata kitakikuta njiani. Maana yake kifikie mwendo wa kama sentimita 60 kwa sekunde haraka sana, tuseme ndani ya sekunde 0.15. Kuipa kilo 50 mwendo huo kwa muda huo kunahitaji msukumo wa kilo 20 nyingine. Jumla 40.

Mafundi tuna desturi kwamba mzigo unaotembea usizidi nusu ya nguvu ya silinda kwenye karatasi. Kwa kazi ya kubana tu, ambapo rodi inafika, inakaa na kushika, unaweza kwenda hadi asilimia 70. Sababu si woga. Pistoni inapokwenda mbele, hewa iliyoko upande wa pili inabidi itoke, nayo haitoki bure. Inasukuma kinyume mpaka ipite kwenye vali. Sili, zile pete za kuzuia hewa isivuje, nazo zina msuguano wake. Ukichagua silinda inayolingana kamili na mzigo itasukuma, lakini itatambaa, na siku presha ikishuka kidogo itagoma.

Basi 40 mara mbili ni 80. Silinda ya milimita 40 kwa baa 5 inatoa kilo 63 hivi, haitoshi. Ya 50 inatoa karibu 100. Hiyo ndiyo silinda ya mzee: ya 50, wakati yeye ana ya 80 na anataka ya 100.

Rodi ilivyopinda

Sasa tulitazame bamba. Aliyetengeneza kisukumio alichomelea bamba moja kwa moja kwenye ncha ya rodi, kisha akalipandisha juu ili likishike kiroba tumboni. Mahali linapogusa kiroba ni kama sentimita 15 juu ya mstari wa rodi. Kila msukumo, basi, rodi inasukuma mbele na papo hapo inakunjwa kwenda juu, kama mtu anayesukuma mkokoteni kwa ncha ya mpini mmoja.

Kwa kilo 40 za kawaida rodi ilivumilia. Tatizo lilikuwa kiroba kikikwama. Ukingo wa jukwaa ulikuwa umeinuka kidogo, na mara mojamoja kiroba kilijishika pale kwa mshono. Silinda haijui kwamba kuna kiroba. Ikizuiliwa, hewa inaendelea kujaa nyuma ya pistoni hadi presha yote ifike, na hapo inasukuma kwa nguvu yake yote. Kilo 250, sentimita 15 nje ya mstari. Rodi ya chuma ya milimita 25 kwa mkunjo huo inakaribia mwisho wa uvumilivu wake, na ukimpigapiga chuma hivyo kila siku, siku moja hanyooki tena.

Na hapa ndipo ile ya 100 ingemwumiza mzee kabisa. Silinda nyingi madukani zinafuata kiwango cha kimataifa cha ISO 15552, na katika hizo ya 80 kwa kawaida huja na rodi ya milimita 25. Ya 100 nayo huja na rodi ya milimita 25. Pistoni imekua, nguvu imefika kilo 400, rodi haijaongezeka hata unyuzi. Angelipa zaidi ili apinde rodi mapema zaidi.

Silinda imeumbwa kusukuma na kuvuta kwa mstari ulionyooka, basi. Uzito wa pembeni unakula bushi ya mbele (pete inayoishika rodi shingoni), kisha sili, kisha rodi, kwa mpangilio huo. Ukiona silinda inavuja kwenye shingo na sili umebadilisha juzi, acha kumlaumu muuza sili. Shika rodi uitikise, utakuta bushi imeliwa upande mmoja. Dawa ni kuugawa mzigo. Tulifunga rodi mbili za kuongozea, kila moja kwenye bushi zake, bamba likakaa juu ya hizo. Silinda ikaunganishwa na bamba kwa kiungo kinachocheza kidogo, ili hata kama mistari haikulingana kwa nusu milimita, rodi isijue. Ukingo wa jukwaa tukausaga ukawa sawa na bati. Kazi hiyo ya kusaga ilichukua robo saa, na nadhani ndiyo ingepaswa kufanywa kabla ya zote.

Ziko rodi zinazopinda kwa sababu nyingine, ya urefu. Rodi ndefu na nyembamba ikisukumwa kwa nchani hujikunja katikati kama ufito, hata mzigo ukiwa kwenye mstari kabisa. Ukiongeza urefu mara mbili, uwezo wa kuvumilia unabaki robo. Kwa sentimita 40 za mzee haikuwa shida. Ukifika mita moja na kuendelea, angalia jedwali la mtengenezaji kwanza, maana hapo unene wa rodi ndio unaoamua silinda, hata kama nguvu ingetosha kwa kipenyo kidogo.

Urefu wenyewe wa mwendo, stroku kama tunavyoiita, huuzwa kwa vipimo maalumu: 100, 125, 160, 200, 250, 320, 400 na kadhalika. Chukua kinachozidi hitaji lako kidogo, na weka kizuizi cha nje kitakachosimamisha mzigo mzito. Kifuniko cha silinda si mahali pa kupokelea nyundo.

Kasi na kishindo

Mzee alilalamika pia kwamba viroba vinapasuka. Vali za kupunguza kasi zilikuwepo, ila zilifungwa kinyume: zilibana hewa inayoingia na kuiachia inayotoka ipite huru. Hewa ni kama godoro. Ukiiingiza kidogokidogo nyuma ya pistoni huku mbele hakuna cha kuizuia, pistoni inasita hadi presha ishinde msuguano, halafu inaruka. Ukibana inayotoka, pistoni inakuwa katikati ya magodoro mawili na inatembea kwa adabu. Kwa silinda za kwenda na kurudi, bana njia ya kutokea. Tuligeuza vali mbili zile, kishindo kikaisha nusu. Hazikununuliwa mpya.

Lakini usitegemee hewa iende polepole kama jongoo. Chini ya sentimita 5 kwa sekunde silinda ya kawaida huanza kudunda, inasimama na kuruka, inasimama na kuruka. Kazi ya namna hiyo mpe mafuta yenye presha au mota ya umeme. Vilevile kazi ya kukandamiza marobota ya pamba si ya hewa; mashine zile hutumia mafuta kwa sababu nguvu inayotakiwa ni ya tani nyingi na silinda ya hewa ya kuitoa ingekuwa kama pipa.

Mwishoni mwa mwendo silinda nzuri zina mto wa hewa unaorekebishwa kwa skrubu ndogo kwenye kifuniko. Unaujaribu mpaka mlio wa "ta!" ugeuke kuwa mguno. Kumbuka kwamba kasi ikiongezeka mara mbili kishindo kinaongezeka mara nne, kwa hiyo mto uliotosha jana hautoshi leo kama msimamizi kaongeza mwendo usiku.

Mzigo wa kunyanyuliwa wima una hatari yake. Umeme ukikatika, vali inaweza kurudi mahali pake na mzigo ukashuka juu ya mkono wa mtu. Weka vali za kuzuia hewa isitoke, zifungwe kwenye silinda yenyewe wala si mbali, au silinda yenye breki ya rodi. Na kabla ya kufungua fitingi yoyote, toa hewa yote. Kompresa kuzimwa si kitu. Tangi bado limejaa.

Hewa ya Mwanza

Tuhesabu hewa, kwa sababu ndiyo bili ya umeme. Silinda ya 80 ikienda na kurudi sentimita 40 inajaza lita 3.8 za hewa iliyobanwa. Kila lita hiyo imetokana na lita kadhaa za hewa ya nje, na hapa Mwanza inatofautiana na Dar es Salaam. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi: takriban baa 0.88 badala ya 1.01. Kupata baa 5 za geji, Dar unabana lita 5.9 za nje ziwe moja. Mwanza lita 6.7. Nguvu ya silinda haipungui, maana geji inasoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na tofauti hiyo ni ileile. Anayeumia ni kompresa, anayevuta hewa nyingi zaidi kwa asilimia kama 12 kwa kazi moja. Kompresa iliyopigiwa hesabu pwani ikiletwa huku inaonekana mvivu, na watu hudhani imechoka.

Kwa viroba 12 kwa dakika, silinda ya 80 ilikuwa inakunywa zaidi ya lita 300 za hewa ya nje kila dakika. Ya 100 ingekunywa karibu 490. Ya 50 inakunywa 115. Kompresa ya mzee ilikuwa haipumziki mchana kutwa. Baada ya kubadilisha, ilianza kuzima na kuwaka. Na ukisoma lita kwenye kibao cha kompresa, jihadhari: kompresa nyingi ndogo huandika hewa inayovutwa na pistoni, ambayo ni zaidi ya inayotoka.

Paipu na vali nazo zina haki yao. Nimekuta silinda ya 100 inalishwa na paipu ya milimita 6, mwenyewe anashangaa kwa nini ni ya polepole kuliko ndogo aliyoitoa. Tumbo kubwa, koo dogo.

Mazingira ya kazi yanachagua malighafi. Kwenye minofu ya samaki kila kitu huoshwa kwa maji yenye klorini. Alumini ya kawaida huota ukungu mweupe na rodi ikishatoboka vijitundu, kila safari inakwangua sili. Huko chukua chuma cha pua na grisi inayoruhusiwa kwenye chakula, hata kama bei inauma. Kwenye pamba adui ni nyuzi na vumbi, kwa hiyo sili ya kufutia shingoni iwe ngumu. Mafuta ya kulainishia: silinda nyingi za siku hizi zimetiwa grisi kiwandani na hazihitaji. Ukianza kuzipa mafuta usiache, kwa sababu yatakuwa yameshaiosha grisi ya mwanzo.

Wiki tatu baadaye mzee akapiga simu. Kisukumio kinafanya kazi vizuri mchana, lakini asubuhi kinasukuma kwa kinyongo. Nilikwenda nikiwa na jibu tayari: maji. Siku ya nyuzijoto 25 na unyevu wa asilimia 70, kila mita moja ya ujazo ya hewa ya pembeni mwa ziwa hubeba gramu 16 hivi za maji. Ukiibana haiwezi kuyabeba yote, inayaangusha. Silinda ile moja ya 50 kwa zamu ya saa 8 inadondosha kama robo tatu ya lita. Ya 80 ingefikia lita mbili. Usiku tangi linapoa, maji yanakusanyika, na asubuhi yanatangulia hewa kwenye vali.

Tulifungua koki chini ya tangi. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakajaza ndoo ndogo na kumwagika. Haikuwa imefunguliwa tangu ifungwe. Sasa kazi hiyo ni ya mlinzi wa usiku: saa 12 asubuhi, kabla hajakabidhi lindo, anaifungua mpaka itoke hewa kavu, na anaandika kwenye daftari lilelile anamoandika magari yaliyoingia.